Maswali na Majibu: Seva Moja, Kompyuta Nyingi za Linux

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wenye shida moja: kompyuta nyingi, mtu mmoja wa kuzihudumia, na hamu ya kuacha kuzunguka na fleshi mkononi. Nia nzuri. Zile zinazouliza "Linux ipi ni bora" nimeziweka kando, na huko zitabaki.

Mtaalamu, nina kompyuta 30 za aina moja. Nilisakinisha Debian kwenye moja, nikaiweka sawa, kisha nikainakili diski yake kwa Clonezilla kwenye zote. Sasa mtandao una vituko: kompyuta mbili zinapewa anwani moja ya IP, hii ikiingia ile inatoka. Swichi imekufa?

Swichi ni nzima. Ulichonakili si programu tu, umenakili na utambulisho. Fungua `/etc/machine-id` kwenye mashine mbili zozote, utakuta namba ileile. Mtandao ukisimamiwa na systemd-networkd, namba hiyo ndiyo inayotumika kutengeneza kitambulisho kinachopelekwa kwa seva ya DHCP, ile inayogawa anwani za IP. Seva inaona mteja mmoja anayerudi rudi, inampa anwani yake ileile. Kadi za mtandao kuwa na MAC (namba ya kiwandani ya kadi) tofauti hakukusaidii hapo.

Na kuna baya zaidi ambalo hukuliuliza. Funguo za SSH (njia ya kuingia kwenye mashine kwa mbali) zilizo `/etc/ssh/ssh_host_*` nazo ni zilezile kwenye mashine zote 30. Atakayeiba diski moja anaweza kujifanya yoyote kati ya hizo, na kompyuta yako haitashtuka.

Kwa zilizokwisha nakiliwa: futa `/etc/machine-id` pamoja na `/var/lib/dbus/machine-id`, kisha endesha `systemd-machine-id-setup`. Ukiiacha ile ya pili na ni faili kamili, amri hiyo itaichukua namba ya zamani na kuirudisha, nawe utaniandikia tena. Halafu futa funguo za SSH na uendeshe `ssh-keygen -A`, kisha uwashe upya. Kwa mashine ya mfano, fanya `truncate -s 0 /etc/machine-id`, futa funguo, izime, na usiiwashe tena kabla ya kuinakili. Kumbuka Debian inaweza isizitengeneze funguo hizo yenyewe. Weka huduma ndogo ya kuendesha `ssh-keygen -A` siku mashine inapowashwa mara ya kwanza.

Nimekujibu ulichouliza, sasa nisikilize. Acha kunakili diski. Nakala ya diski huanza kuzeeka siku ileile unapoichukua, na baada ya miezi michache hakuna anayekumbuka ndani yake kulibadilishwa nini na kwa nini. Familia ya Red Hat ina Kickstart, Debian ina preseed, Ubuntu ina autoinstall, openSUSE, hadi toleo la Leap 15, ina AutoYaST. Zote ni faili la majibu: unaandika mara moja yale ambayo programu ya kusakinisha ingekuuliza, seva inaligawa, mashine zinajisakinisha. Faili hilo linasomeka, linawekwa kwenye Git (hifadhi inayotunza historia ya mafaili), na anayekurithi kazi ataona kila badiliko na tarehe yake. Clonezilla ni chombo kizuri cha kuokoa diski inayokufa. Kiache huko.

DHCP iko kwenye ruta ya ofisi na siruhusiwi kuigusa. Naweza kuweka ya pili kwenye seva yangu ili mashine zibuti (ziwake) kwa mtandao na kujisakinisha?

Hapana. Zikiwa mbili, mashine kwa kawaida huchukua jibu lililowahi, kwa hiyo leo itafanya kazi, kesho nusu ya ofisi itapoteza mtandao, na utatafutwa wewe. Tumia dnsmasq kama msaidizi: haigawi anwani, inasema tu faili la kubuti liko wapi. Mistari inayohitajika ni michache:

`port=0`
`dhcp-range=192.168.10.0,proxy`
`enable-tftp`
`tftp-root=/srv/tftp`
`pxe-service=x86PC,"BIOS",pxelinux`
`pxe-service=x86-64_EFI,"UEFI",shimx64.efi`

Ule wa kwanza unazima upande wa DNS (wa kutafsiri majina kuwa anwani) ili usigombane na uliopo. Seva ikae kwenye mtandao uleule wa mashine zako, maana ombi la DHCP halivuki ruta lenyewe. Na mwenye ruta mwambie kabla hujaanza. Kutoruhusiwa kugusa ruta si ruhusa ya kufanya mengine kimyakimya.

Kompyuta za zamani zinabuti kwa mtandao bila shida, mpya zinagoma. Rafiki kanishauri nizime Secure Boot kwenye zote. Sawa?

Rafiki yako anapenda njia za mkato. Programu ya ndani inayowasha kompyuta kwenye za zamani ni BIOS, kwenye mpya ni UEFI, na faili la `pxelinux.0` UEFI hailijui kabisa. Mashine ikiomba anwani hutaja aina yake kwenye chaguo namba 93 la DHCP: 0 ni BIOS, 7 ni UEFI ya biti 64. Seva inatakiwa kusoma namba hiyo na kutoa faili linalofaa. Ile mistari miwili ya `pxe-service` niliyoandika hapo juu inafanya hivyohivyo.

Kuhusu Secure Boot, ulinzi unaokataa programu ya kuwashia isiyo na sahihi, iache ikiwa imewashwa. Toa `shimx64.efi` ya distro (aina ya Linux) yako, ambayo ina sahihi ya Microsoft, nayo italeta `grubx64.efi` (GRUB, programu inayoanzisha Linux) kutoka kwenye folda ileile, yenye sahihi ya distro. Chukua mafaili hayo kwenye pakiti rasmi za distro moja. Ukichanganya shim ya Ubuntu na GRUB ya Debian utaona ujumbe wa kukataliwa na kuanza kulaumu kompyuta.

Nimeweka `user-data` (faili la majibu la Ubuntu) kwenye seva, naifungua vizuri kwa kivinjari, lakini Ubuntu bado inaniuliza lugha kana kwamba faili halipo.

Hili nalipokea kila mara, basi leo nilimalize. Angalia mstari wa kerneli (kiini cha Linux) kwenye `grub.cfg` yako. Naamini umeandika hivi:

`autoinstall ds=nocloud-net;s=http://192.168.10.5/majibu/`

Kwa GRUB, alama ya `;` ni mwisho wa amri. Kila kilichofuata, yaani anwani nzima ya seva yako, kimekatwa kabla kerneli haijaanza. Andika `ds=nocloud-net\;s=...` au ufunge kipande chote kwa alama za kunukuu. Mkwaju (`/`) wa mwisho kwenye anwani usiusahau. Pawepo pia faili la `meta-data` kwenye folda hiyo, hata likiwa tupu. Mstari wa kwanza wa `user-data` uwe `#cloud-config`, na nafasi ziwe za kawaida, kamwe zisiwe za kitufe cha Tab. Kabla ya kuniandikia soma kumbukumbu za seva yako ya HTTP: kama mashine haikuliomba faili, tatizo liko kwenye mstari wa kerneli, kama ililiomba ikapewa, tatizo liko ndani ya faili.

Naweza kupitisha ISO nzima kwa TFTP?

Usijaribu: TFTP, njia sahili ya kutuma mafaili wakati wa kubuti, kwa kawaida hutuma baiti 512, inasubiri kuitikiwa, ndipo inatuma nyingine. Ipe kerneli na initrd (mafaili ya mwanzo ya kerneli) tu, mengine yapite HTTP.

Kompyuta ya mhasibu imejisakinisha upya ilipowashwa asubuhi. Kila kitu kimefutika. Nani alaumiwe?

Uliyeweka mtandao kuwa wa kwanza kwenye mpangilio wa kubuti, kisha ukaifanya "sakinisha" kuwa chaguo la kujiendea kwenye menyu. Hiyo ni sawa na kuacha panga mlangoni. Chaguo la kujiendea liwe diski ya ndani, siku zote. Kusakinisha kuruhusiwe kwa MAC iliyoorodheshwa siku hiyo, na ikimaliza iondolewe kwenye orodha. Programu za Foreman na Cobbler zinafanya hivyo zenyewe; ukijitengenezea mwenyewe, weka walau nenosiri kwenye menyu. Na data za mhasibu zilikuwa kwenye diski moja tu kwa nini?

Nywila ya root (msimamizi mkuu) iko ndani ya faili la majibu. Nimeificha kwa hashi, kwa hiyo niko salama?

Hauko salama. Faili hilo linagawiwa kwa HTTP bila kuuliza mtu jina, kwa hiyo yeyote aliyechomeka waya anaweza kulipakua na kuibahatisha nywila iliyo nyuma ya hashi kwake kwa raha zake. Funga akaunti ya root kabisa, weka ufunguo wa umma wa SSH wa seva ya usimamizi, na usakinishaji ufanyike kwenye VLAN (mtandao uliotengwa) yake. Siri za kweli zifike baadaye kupitia SSH.

Ansible au Puppet?

Vyote viwili husimamia mashine zilizokwisha sakinishwa, na swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Kama mtu wa kusimamia ni wewe peke yako, chukua Ansible: haihitaji wakala (programu yake inayokaa ikifanya kazi) kwenye mashine, inataka SSH na Python tu. Udhaifu wake ni kwamba mashine iliyozimwa wakati unasukuma mabadiliko inapitwa. Kwa kompyuta za mezani hilo ni jambo la kila siku, kwa hiyo tumia `ansible-pull`: kila mashine inavuta maagizo kutoka Git kwa ratiba yake. Puppet ina wakala anayeuliza seva kila dakika 30 bila kupangwa vingine, nayo inafaa pale mashine ni mamia na mnao watu wa kuitunza.

Chombo chochote utakachochagua kitaharibiwa na tabia moja: kuingia kwenye mashine na kurekebisha kwa mkono "mara hii tu". Baada ya hapo maagizo yanasema hivi, mashine iko vile, na huna hakika na lolote. Kwa Ansible, anza kwa `--check --diff` (jaribio lisilobadilisha kitu), kisha `--limit` kwa mashine moja, ndipo zote.

Zikijisasisha zote, intaneti inakwama.

Weka apt-cacher-ng, inayohifadhi pakiti zilizokwisha pakuliwa, kwenye seva, mlango 3142, na mstari mmoja kwenye kila mashine: `Acquire::http::Proxy "http://seva:3142";`. Pakiti inashuka mara moja, zingine zinachota hapo. Vyanzo vya HTTPS kwa kawaida haitavihifadhi, na laptopu zinazotoka nje ya ofisi zisiwekewe mstari huo, zitakwama huko ziliko. Usizime masasisho ili kuokoa bando. Nawajua mnaofanya hivyo.

Seva iwe na RAM kiasi gani?

Kwa kugawa mafaili, hata GB 4 zinatosha. Pesa iende kwenye SSD na waya wa gigabiti. Ila zile hazina za Git zenye mafaili ya majibu zisikae kwenye seva hiyohiyo peke yake.