“Ni ukili tu”: kikapu changu cha elfu kumi na tano kilivyouzwa dola 130

Jumatatu usiku nilipokea ujumbe kutoka kwa binti mmoja wa Morogoro. Anashona mikoba kwa viroba vya mchele na unga vilivyokwisha kutumika: anaviosha, anaanika, anakata, anatia zipu na mikanda. Ameandika hivi: “Shikamoo dada. Mkoba mmoja nauza elfu kumi na mbili. Kila anayeuona anausifu, akisikia bei anasema mbona ghali, si kiroba tu? Nishushe hadi elfu nane?”

Nimeusoma mara tatu. Hayo maneno, “kiroba tu”, nayafahamu vizuri. Mimi nasuka vikapu, na yangu yalikuwa “ukili tu”, ule utepe wa majani tunaotengenezea vikapu, na mpaka leo nikiyasikia moyo unaniuma.

Mdogo wangu, usishushe. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu najua wanaonisoma wengi mnashona, mnasuka, mnatunga shanga, na wote tuna ndoto moja: kuona kazi ya mikono yako begani kwa mtu usiyemjua, anakatiza zake barabara.

Mimi nimezaliwa Pangani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa msukaji, na nimekaa miguuni pake tangu sijaanza shule. Miyaa, yale majani ya kusukia, ikishakatwa inaanikwa mpaka iwe myeupe, inachanwa kwa ukucha wa kidole gumba, inachemshwa na rangi kwenye sufuria, inaanikwa tena. Kabla ya kusuka unailowesha kidogo, la sivyo inakatika mkononi. Kisha unasuka ukili, utepe mrefu usioisha, unaupima kwa pima, mikono imenyooshwa huku na huku. Kikapu cha sokoni kinakula pima sita au saba. Hapo ndipo unashika sindano na kuanza kuuunga ukingo kwa ukingo, unazungusha kuanzia kitakoni kwenda juu. Bibi alikuwa na kovu jembamba kwenye kidole gumba cha kulia, mstari mmoja tu, pale miyaa inapopita. Na mimi sasa ninalo.

Juni 2019, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mimi nilikuwa Mbagala na mtoto mdogo, sina kazi. Rambo zikatoweka, watu wakavikumbuka vikapu. Nikaanza kusuka usiku na kuuza mchana. Siku moja akaja mama mmoja mwenye duka la zawadi za watalii. Akaviangalia, akavigeuza, akaweka oda ya vikapu ishirini kwa elfu kumi na tano kila kimoja. Niliomba elfu ishirini. Akacheka, akanishika bega: “Mwanangu, ni ukili tu. Unaota wenyewe.”

Nikakubali. Laki tatu kwa mkupuo sikuwahi kuishika. Nilisuka mwezi mzima na zaidi, na kwenye vikapu vya mwisho rangi ya hudhurungi ikaniishia. Hela ya kununua nyingine sikuwa nayo, nikatumia mabaki ya zambarau. Ndiyo maana vikapu vitatu vya mwisho vilikuwa na duara la zambarau kitakoni, na niliviweka chini kabisa ya mzigo nikiomba yule mama asivione.

Mwaka 2021 nilikwenda Zanzibar, harusi ya binamu yangu. Asubuhi tukatembea Mji Mkongwe. Tukaingia duka moja zuri, lina kiyoyozi na taa za manjano, na pale kwenye rafu ya kioo, peke yake, kikapu. Nilikijua kabla sijakishika. Nikakigeuza. Duara la zambarau.

Walikuwa wametia bitana ya kanga ndani. Mikono wameivalisha ngozi. Mbele wameshonea kipande cha ngozi kama kiberiti ukubwa wake, kimepigwa muhuri jina ambalo sijawahi kulisikia. Bei: dola 130. Dada wa dukani akaona nimekishika muda mrefu, akaja na tabasamu: “Hiyo rangi ya chini mbunifu wetu ameiweka makusudi. Ndiyo inakitofautisha na vikapu vya sokoni.”

Dola 130 kwa wakati ule ilikuwa karibu laki tatu. Kikapu kimoja, na ndiyo hela niliyolipwa kwa vyote ishirini.

Sikusema neno. Nilikirudisha kwenye rafu, nikanyoosha mikono yake vizuri, nikatoka. Kwenye harusi usiku ule watu walinifikiri naumwa.

Niliporudi Dar nilifanya kosa ambalo sitaki binti yangu wa Morogoro alirudie. Kwa hasira nilipandisha bei hadi laki moja na nusu. Kikapu kile kile, kimerundikwa chini kwenye mkeka, hakina bitana, hakina jina, kinanuka moshi wa kuni. Wateja wakanicheka, wengine wakanitukana. Miezi kadhaa iliyofuata haina cha kusimulia, ni madeni matupu.

Ndipo nikaanza kusoma. Usiku mtoto akilala nashika simu, nasoma habari za majumba makubwa ya mitindo ya Ulaya: wanafanyaje, kwa nini wao wanaweza? Nikakuta mambo yaliyonifungua macho.

Mwaka 2017 Balenciaga walitoa mkoba mkubwa wa bluu uliofanana na ule mfuko wa kubebea vitu wa IKEA, maduka ya samani ya Sweden, uliokuwa ukiuzwa senti 99 za Marekani. Wa kwao uliuzwa dola 2,145, zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa wakati ule. Mwaka 2022 wakaja na mfuko kama wa taka, dola 1,790. Kabla yao, mwaka 2012, Jil Sander waliuza mfuko wa karatasi wenye sura ya ule tunaofungiwa maandazi, dola 290. Celine mwaka 2018 waliuza mfuko wa plastiki, dola 590. Plastiki kabisa, wenye jina lao mbele.

Lile begi la miraba tunaloliita shangazi kaja, la zipu ya juu, ambalo kila stendi ya mabasi linaonekana? Louis Vuitton walipita na miraba ile kwenye jukwaa la Paris katika mkusanyiko wao wa 2007. Wanaijeria wanaliita begi hilo Ghana Must Go, kwa sababu mwaka 1983 serikali yao ilipowafukuza wageni, Waghana wengi walifungasha maisha yao yote humo wakaondoka. Watu walilia juu ya begi lile. Na likafika Paris.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi wanakosea. Ule mkoba wa bluu haukuwa plastiki, ulikuwa ngozi. Na ule wa taka, ngozi ya ndama. Walichochukua ni sura ya kitu cha maskini, wakaishona kwa ngozi. Lakini karatasi ilikuwa karatasi, na plastiki ilikuwa plastiki, na bado vilinunuliwa. Hata Prada: mkoba wao uliotikisa dunia kuanzia 1984 ulitengenezwa kwa nailoni, wakati ambapo mkoba wa heshima ulitakiwa uwe ngozi. Nailoni! Kwa hiyo yule mama aliyenishika bega na kuniambia “ukili unaota wenyewe” alikuwa ananiambia uongo kuhusu biashara nzima ya mikoba, na naamini alijua kuwa ni uongo.

Bei inakaa kwenye jina. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu jina langu lilikuwepo wakati wote, sikuliandika tu.

Basi nikafanya jambo moja. Nilikwenda Kariakoo nikaagiza lebo za kitambaa mia moja, nyeupe, zenye jina la bibi yangu: herufi nne kwa uzi mweusi. Nikanunua kanga ya bitana na zipu za shaba. Ngozi nilipata vipande kwa fundi viatu. Vyote hivyo havikufika elfu kumi na nane kwa kikapu. Lebo naishona kabla ya bitana, mishono inapenya hadi kwenye ukili, ili atakayetaka kuitoa itabidi akichane kikapu. Kila kikapu nakiandikia namba. Na lile duara la zambarau sasa naliweka kwenye kila kimoja. Hilo ni langu, na hakuna mbunifu mwingine wa kulisemea.

Kikapu cha kwanza chenye lebo niliuza elfu sitini. Sasa hivi ni laki mbili na arobaini. Mwezi uliopita kimekwenda Muscat, kwa dada mmoja ambaye nyumbani kwao ni Pemba. Alinipigia video akaniambia harufu ya miyaa imemkumbusha chumba cha mama yake. Nilimwambia ukweli: kimechukua siku nne, na kilichomo ndani ni ukili, kanga, zipu na jina la mwanamke aliyenifundisha. Hakuuliza kwa nini bei iko vile.

Sikwambieni muuze kiroba kwa milioni nne. Huo kwangu ni wizi hata kama mnunuzi ameridhika, na sitaki mtu aliyenisoma akakope ili anunue mfuko wa karatasi wa Ulaya. Hesabu siku zako, zilipe kama ungelipa fundi mwingine, ongeza vifaa na nauli, ongeza cha kwako. Halafu weka jina. Ukishusha bei bila jina, umemtengenezea mwingine faida. Ukipandisha bila jina, utakaa na mzigo kama nilivyokaa mimi. Weka jina, wadogo zangu. Mwenye mtaji akasajili alama yake ya biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara kwa Tanzania Bara, na aliyeko Zanzibar ajue usajili wa huko ni wa peke yake. Asiye na mtaji aanze na sindano na uzi.

Na msidhani wakubwa watawataja kwa hiari. Juni 2025 Prada walionyesha Milan ndala za ngozi zilizofanana kabisa na zile za Kolhapur, India, ambazo jina lake lilikuwa limesajiliwa kwao tangu 2019 kama mali ya eneo lile. Hawakutaja Kolhapur. Mafundi na watu wa India walipopiga kelele ndipo kampuni ikakiri ilikotoa wazo. Walisikilizwa kwa sababu lile jina lilikuwa limeandikwa mahali. Sisi wa ukili tumeandika nini? Nani ameandika Pangani? Nani ameandika Pemba? Tunakaa kimya, tunaona aibu ya kujitaja kana kwamba kujitaja ni majivuno, na bibi zetu wanazikwa na makovu yao ya vidole bila mtu kujua waliyoyafanya.

Mwaka jana yule mama wa duka alinipigia. Hakunikumbuka, alinipata kwa mtu. Alitaka vikapu hamsini kwa elfu arobaini kila kimoja, milioni mbili taslimu, sharti lebo zisiwepo. Ilikuwa Januari, ada ya mtoto haijalipwa, na nilikuwa na elfu sitini kwenye simu. Nilimwambia, “Shikamoo mama. Bila lebo sisuki.” Akakata. Ada niliilipa kwa awamu tatu, na mwalimu aliyenivumilia anajijua, nakushukuru.

Kwa hiyo, binti wa Morogoro. Zile picha ulizonitumia nimezikuza nikaziangalia moja moja. Mishono yako imenyooka. Ule mkoba wenye picha ya jogoo wa kwenye kiroba cha unga umeukata kwa akili sana, jogoo amekaa katikati kabisa na kishungi chake kimefika kwenye zipu. Nimegeuza kila picha kutafuta jina lako, sijaliona.

Niwekee huo wa jogoo. Nitakutumia elfu thelathini na tano kwa simu siku utakayonionyesha picha ya ndani yenye lebo yako.