Ukuta wa ziwa la mlimani: kuziba au kujenga upya?

Mkuu, umeuliza kama huo ukuta wa udongo uliochoka uzibwe tu nyufa au ujengwe upya. Mi nasema cheki kwanza maji yanayovuja chini yake, yakiwa safi endelea kuyapima uone kama yanaongezeka, ila yakitoka na tope ujue udongo wa ndani unaliwa, hapo punguza maji ziwani taratibu na uite injinia haraka, habari ya kuziba sahau. Ukijenga upya usibanie upana wa njia ya mafuriko, yaani mkondo wa kutolea maji yanayozidi ziwani, maji yakipita juu ya ukuta wa udongo yanaukata fasta sana. Halafu weka geti la chini linalofunguka kidogo kidogo, ili kiangazi mashamba yapate na mto usikauke, samaki nao wanaishi humo jamani. Kibali cha maji anza kukifuatilia sasa hivi.