Anayekupiga nyumbani anaipiga na kazi yako

Ukitaja ukatili dhidi ya wanawake Kongo, mtu anawaza Kivu, huko mashariki, mara moja: vita, hospitali ya Panzi, daktari Mukwege anayetibu waliobakwa na Nobel yake ya 2018. Sisi wa Lubumbashi tunazisikiliza habari hizo redioni na kusikitika, kisha jirani anapigwa nyuma ya ukuta nasi tunasema ni mambo ya ndoa yao, yatakwisha. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2013-2014 ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya wanawake waliowahi kuolewa walishafanyiwa ukatili na mume au mwenzi, uwe wa mwili, wa kingono au wa matusi na vitisho. Hiyo ni nchi nzima, siyo mashariki peke yake.

Nami nimepitia humo. Sitasimulia mapigo, yameshasimuliwa sana. Nataka kuzungumzia kazi, kwa sababu kwangu ndiyo iliyoanza kuvunjika kabla ya kitu kingine chochote, na katika vikao vyote vya familia nilivyokalishwa hakuna mjomba wala shangazi aliyeniuliza kazi inaendeleaje. (Kama simu unayosomea mume anaishika naye pia, ukimaliza kusoma futa.)

Nilikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Anayejua maduka yetu anajua kwamba sanduku la keshia lina pesa za aina mbili. Mteja analipa kwa dola na kudai chenji ya faranga kwa bei ya asubuhi hiyo, mwingine analeta faranga mabunda kwa mabunda na foleni nyuma yake inanung'unika. Kila noti ya dola lazima uigeuze pande zote, maana ikiwa na mpasuko mdogo tu pembeni hakuna atakayeipokea tena mikononi mwako. Kazi hiyo inataka kichwa kilicholala. Ukiwa umekaa macho hadi alfajiri ukisikiliza kama mlango utafunguliwa tena, na jicho moja limevimba chini ya poda, hesabu zinakukimbia. Jioni sanduku linapungua, na kilichopungua kinakatwa kwenye mshahara. Kwa patroni, yaani mwajiri wangu, ule ulikuwa uzembe, au wizi. Mwisho wa mwezi mume naye anataka kujua mbona mshahara umepungua, na swali hilo lilikuwa na usiku wake.

Mengine hayahitaji hata ngumi. Mume wangu alikuwa anapiga simu kila saa, na nisipopokea anapiga ya dukani. Kuna siku alisimama ng'ambo ya barabara karibu na muuza vocha, hanunui kitu, hasemi kitu, anatazama tu nani ninacheka naye. Patroni akaniita pembeni: "Mama, mambo ya nyumba yaache nyumbani." Nilimjibu, "Patroni, yeye ndiye aliyeyaleta hapa." Hakunielewa.

Kwa wanaouza sokoni ni rahisi zaidi kwa mume, maana soko halina mlango. Anakuja mezani, anapaza sauti, anamwita mke wake jina baya mbele ya watu, na wateja wanahamia meza ya jirani. Anayefuata unga Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anachelewa kutoka kwa sababu usiku kulikuwa na vurugu, gari la wenzake linamwacha, na mtaji wenyewe ulikuwa wa mkopo. Kuna wanaofichiwa kadi ya mpiga kura, ambayo kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho pekee: bila hiyo huandikishwi kazi, hufungui akaunti, husajili hata laini ya simu. Kuna wanaofichiwa viatu. Usicheke. Nenda ofisini bila viatu tuone.

Watu wanadhani mwanamke anapoteza kazi kwa sababu ya aibu ya uso uliovimba. Aibu ipo, lakini mwanaume wa namna hii anajua anachofanya. Mke asiye na nauli ya teksi haendi mbali. Ndiyo maana mimi ushauri wangu unaanzia mahali ambapo wengi hawaanzii. Wao wanaanza na "ondoka" au "vumilia". Mimi nasema linda kazi kwanza, kama maisha yako hayako hatarini usiku huu. Yakiwa hatarini, toka, mengine yote utayapanga ukiwa hai.

Vyeti vyako visikae nyumbani tu. Toa kopi ya kadi, diploma, mkataba wa kazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, umwachie yaya wako (dada yako mkubwa) au mwenzako wa kazini unayemwamini. Picha kwenye simu hazitoshi, kwa sababu simu ndiyo inayovunjwa kwanza.

Pesa ni habari ndefu. Likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, naipenda, imesomesha watoto wengi mji huu, lakini ina udhaifu mmoja kwa mwanamke anayepigwa: zamu inajulikana. Mume anajua tarehe utakayopokea, na siku hiyo anarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Vikundi vya akiba na mikopo, vile vinavyoitwa AVEC, vina utaratibu ninaoupendelea zaidi kwa jambo hili. Sanduku lina kufuli 3 na funguo zake wanashika watu 3 tofauti, halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Hata akikukaba usiku akitaka akiba yako, huna cha kumpa na huna unachomficha: ndivyo kikundi kilivyo. Namba ya siri ya pesa za simu ni tofauti. Kama amezoea kuikagua simu yako, usiibadilishe ghafla siku moja, maana atakachokiona ni kwamba unajiandaa kuondoka. Punguza kinachopita humo kidogo kidogo, kingine kibaki kwa kikundi au kwa patroni mwenye busara.

Vyombo vya kazi navyo vitafutie pa kulala. Siku hizi nina karakana ya kushona huko Katuba, humu humu Lubumbashi, na fundi mmoja alipokuja kwangu mara ya kwanza alikuwa analia meza tupu. Mume wake alikuwa amefungua kichwa cha cherehani, akaacha meza na pedeli, akakiweka rehani kwa deni la pombe. Vikwembe (vitenge) vya harusi ya watu vilikuwa vimeshakatwa, havijashonwa. Aliyetukanwa na wenye harusi si mume. Sasa cherehani za mafundi wangu zinalala karakana, na akija mume kuulizia, jibu ni kwamba ndiyo kanuni ya hapa kwa wote. Inamwondolea mke mzigo wa kujieleza.

Kumwambia patroni ndipo wengi wanapokwama. Wanafikiri lazima wafunue kila kitu, tangu mahari hadi jana usiku. Hapana. Mwambie kinachohusu kazi: "Nina tatizo la usalama nyumbani. Mtu akiniulizia, asipewe zamu zangu, asipewe mshahara wangu, na nisiitwe kwenye simu ya ofisi." Mambo matatu, yanatosha. Hilo la mshahara lisikupite, maana bado kuna sehemu mume anakuja kuchukua malipo ya mke na anapewa kwa sababu "ni bwana yake". Chagua pia mwenzako mmoja ajue, ili siku usipofika kazini kuwe na mtu wa kujiuliza uko wapi.

Ukiumizwa nenda kituo cha afya, hata kama unaona ni kidogo, na uombe cheti chenye tarehe. Karatasi hiyo ina kazi mbili. Kwa patroni inafanya kutokuwepo kwako kuwe ugonjwa badala ya utoro. Kwa polisi au parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, inakuwa ushahidi, kwani kupiga na kujeruhi ni kosa katika sheria yetu ya adhabu hata kama aliyepiga alitoa mahari yote kwa wazazi wako. Kopi moja iwe kazini.

Ukiamua kuondoka, kumbuka kwamba kipindi cha kutengana ndicho chenye hatari kubwa, na kwamba anwani yako mpya haijui lakini ya kazini anaijua. Wengi wanahama nyumba wakasahau hilo. Badili saa ya kutoka, badili njia, usisimame peke yako kituoni jioni. Kama kampuni ina tawi jingine, omba uhamisho kabla hujahama, siyo baada ya yeye kuja getini.

Kwenu mapatroni, nami sasa ni mmoja wenu, najua hesabu zinavyobana. Lakini fundi mzuri ukimfukuza leo, wa kumrithi atakuharibia vitambaa miezi kadhaa kabla hajashika mkono. Kumpa siku za kwenda hospitali na mahakamani ni rahisi kuliko hiyo. Siyo wazo langu la ajabu. Ufilipino wana sheria tangu 2004 inayompa mwanamke aliyefanyiwa ukatili siku 10 za likizo yenye malipo. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 2019, unatambua kwamba ukatili wa nyumbani unafika kazini, na pendekezo linaloambatana nao linataja likizo, saa za kazi zinazobadilika na ulinzi wa muda dhidi ya kufukuzwa. Kama hayo ni makubwa, anza na dogo: mwambie mlinzi asimwite mtu kwa kelele getini.

Na tafadhali, msiwadai wanawake barua ya ruhusa ya mume. Sheria yetu ya Familia ya 1987 iliitaka ruhusa hiyo kwa mambo mengi ya kisheria ya mke, ikaondolewa kwa marekebisho ya Julai 2016. Mume ameachwa kuwa mkuu wa kaya, hilo bado limeandikwa humo na mimi silipendi, lakini ukuu huo haumpi sahihi kwenye mkataba wa kazi wa mke wake.

Jambo la mwisho, kwa atakayeitwa ofisini na kuwekewa karatasi ya kuacha kazi "kwa hiari". Usiisaini siku hiyo. Sema unataka kuisoma nyumbani, au kwa yaya kama nyumbani hakusomeki. Ukiisaini, patroni hakukufukuza, umeondoka mwenyewe. Wakikufukuza waandike barua yenye sababu. Barua hiyo, karatasi za mshahara na vile vyeti vya daktari vyenye tarehe, vipeleke kwa mkaguzi wa kazi. Ni lazima mgogoro upite kwake kwa usuluhishi kabla ya kwenda Mahakama ya Kazi, kwa hiyo asikuambie mtu kwamba mpaka uwe na pesa ya wakili ndipo uanze.