Kupeleka watoto ziwani Goma

Yaya, umeuliza kama unaweza kupeleka watoto Jumapili kwenye kale kaufuko kadogo ka watu wote, na kama kuna mamba. Mamba hakuna, Ziwa Kivu halina mamba wala kiboko. Wapeleke, ni furaha yao na hailipishwi.

Lakini viatu vya kuogea ni lazima. Mawe yetu ni ya volkano, yanakata mguu kama kioo. Tena maji yanashuka ghafla: hatua tatu yako magotini, ya nne mtoto hafiki chini. Simama ndani ya maji pamoja nao, usikae juu ukitazama simu.

Ninachokuomba zaidi ni ujihadhari na mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida inalala kwenye mashimo na mabonde madogo karibu na ziwa. Mtu mzima aliyesimama anaweza asisikie kitu, huku mtoto aliyeinama kuokota mpira akizimia. Asubuhi sana, wakati hakuna upepo, ndiyo saa mbaya. Waulize wavuvi na wamama wanaofua pale, wanajua shimo kwa shimo. Ukiona panya au ndege amekufa shimoni, ondoka hapo na watoto mara moja.

Bebeni maji ya kunywa kutoka nyumbani. Ya ziwa wasiyanywe, kipindupindu hakijatuacha. Nendeni saa nne hivi, jua likishapanda.