Msitu wa MacRitchie, Singapore, ukiwa na mama mwenye presha

Dada, nimekuelewa: mna asubuhi moja tu Singapore, wewe na shemeji mnataka daraja la TreeTop Walk, na mama mwenye presha hataki kuachwa hotelini.

Mzunguko mzima wa bwawa la MacRitchie, lililo katika msitu huo, ni kama kilomita 11; huo mama asiujaribu. Daraja lenyewe ni mita 250, linaning'inia usawa wa vilele vya miti, na linapitika upande mmoja tu. Ukishavuka hurudi ulikotoka, na mbele kuna ngazi nyingi za kuchosha magoti. Ningekuwa wewe, ningemwacha mama na shemeji kwenye njia ya mbao ukingoni mwa maji. Ni tambarare, ina kivuli, na anaweza kupumzika anapotaka.

Jumatatu daraja hufungwa. Nendeni asubuhi mapema, maana mchana mvua ya radi hushuka ghafla. Msishike mfuko wa plastiki mkononi: tumbili wa pale wakiuona tu wanaunyakua, na kuwalisha ni kosa kisheria.

Kabla ya safari, mama amwone daktari wake. Akipata kizunguzungu au kifua kikibana, mketisheni kivulini mpige 995, ambulensi ije.