Jibu: Kwa nini faru weupe wa kaskazini wasihimilishwe kama ng'ombe?

Ndugu wa Mpwapwa, umeuliza: ikiwa ng'ombe wetu wanashika mimba kwa uhimilishaji (kuwekewa mbegu bila kupandwa na dume), kwa nini Najin na bintiye Fatu, faru weupe wa kaskazini 2 pekee waliobaki, pale hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, wasifanyiwe vivyo hivyo?

Mbegu za madume zipo, zimegandishwa kwenye naitrojeni kimiminika ya nyuzi -196, kama ile ya mtungi wa mhimilishaji wako. Kinachokosekana ni wa kubeba mimba. Miguu ya nyuma ya Najin ni dhaifu, haihimili mimba ya miezi 16. Fatu ana kasoro kwenye mfuko wa uzazi.

Kwa hiyo, Fatu hulazwa kwa dawa, mayai yakanyonywa kwa sindano ndefu inayopitishwa njia ya haja kubwa huku mtaalamu akitazama ovari kwa ultrasaundi. Mayai husafirishwa haraka hadi maabara ya Cremona, Italia, na kila moja huchomwa mbegu moja. Kiinitete (mimba changa kabisa) kikikua, hugandishwa kikisubiri jike la faru weupe wa kusini, ndugu zao wa karibu, la kukibeba.

Kabla ya kutumia kile cha kaskazini, Septemba 2023 wanasayansi walipandikiza kiinitete cha faru wa kusini, na mimba ikashika. Inauma: jike lile lilikufa likiwa na mimba ya siku 70, kwa bakteria wa klostridia walioibuliwa udongoni na mvua kubwa. Mfugaji unaujua ugonjwa wa namna hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba mayai yanatoka kwa Fatu peke yake, aliyezaliwa 2000.