Kuchuja picha za jarida la chuo: aliyepiga atoke kwanza chumbani

Mdogo wangu, nimesoma uzi wako pamoja na majibu ya wadau. Kwa waliochelewa: wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mbeya wanaandaa jarida la kurasa 24, habari kubwa ni biashara ya viazi, picha zimerundikana mamia kwenye flashi, na kikao cha kuchagua kimegeuka ugomvi kwa sababu kila aliyepiga anatetea zake. Wengi wamewashauri mpige kura. Mimi napinga. Kura itampa ushindi mwenye marafiki wengi, na akikosekana huyo, itashinda picha ya machweo.

Nimelea klabu za wanahabari mashuleni na vyuoni huku nyanda za juu kwa miaka sasa, na kabla ya hapo nilikuwa fundi studio, kwa hiyo ugomvi wenu naujua. Aliyepiga picha anaiona pamoja na vitu visivyomo: alivyodamka alfajiri na baridi ya mwezi wa saba, bodaboda ya kupanda Isongole, mzee aliyemfukuza shambani. Msomaji hapewi hata kimoja kati ya hivyo, anapewa karatasi tu. Ndiyo maana kwangu mpigapicha hakai kwenye mchujo wa kwanza wa picha zake. Zinaoneshwa bila jina wala maelezo, na anaitwa mtu wa nje ya klabu, hata mama lishe wa pale chuoni, aseme anaona nini. Akisema "naona kijana na magunia", muulize kijana anafanya nini. Akibabaika, picha hiyo wekeni pembeni hata kama ni kali.

Kundi moja nililokuwa nalisimamia liliandika habari ya lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo. Zikabaki picha mbili kugombea ukurasa wa kufungulia. Ya kwanza ilikuwa mashamba ya Uporoto, ukungu umelala mabondeni, matuta ya viazi yanapanda kilima mstari kwa mstari. Chumba kizima kiliguna. Ya pili: kijana amepiga goti juu ya gunia, shazia mkononi, anashonea kilemba cha lumbesa kwa kamba ya manila, viazi vinachungulia kwenye matundu. Nyuma yake mama mwenye shamba ameshika kiuno, anatazama gunia lake linavyozidi kunenepa. Picha imeinama kidogo, na kona ya kulia kuna kiwiko cha mtu asiyehusika.

Tulichukua ya pili. Habari ilikuwa inauliza nani anaumia gunia likivuka kilo 100 zinazoruhusiwa, na jibu lilikuwa usoni mwa yule mama. Kiwiko kilikatwa, picha ikanyooshwa, kazi ya dakika chache. Ile ya ukungu ungeweza kuibandika kwenye habari ya chai ya Tukuyu, ya utalii, au kwenye kalenda ya benki, na hakuna ambaye angeshtuka. Picha ya namna hiyo mimi huiogopa. Ila kama toleo lenu lingekuwa la maua ya Kitulo, hapo mandhari ndiyo habari yenyewe na ningesema kinyume.

Baada ya hapo ndipo mje kwenye ufundi, na hapa msiwe na huruma. Kuzeni picha kwenye skrini mpaka macho ya mtu yajae. Kama macho yamefifia na kola ya shati ndiyo iliyotulia, fokasi imekosewa, na hakuna programu itakayoirudisha sawasawa. Picha iliyopinda mnaweza kuinyoosha, giza kiasi mnaweza kulipunguza. Picha za saa sita mchana mziangalie mara mbili, hasa za Oktoba, maana mwezi huo jua linapita karibu utosini huku kwetu na macho yanageuka mashimo meusi. Zilizopigwa saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni mara nyingi zitazishinda bila jasho. Na wanafunzi wenye mashati meupe juani ni mtego: kamera ya simu inapima ule weupe, inapunguza mwanga, nyuso zinazama. Kama kuna picha ya pili ya tukio lilelile iliyopigwa kivulini, chukueni hiyo.

Jambo linaloua majarida ya wanafunzi kuliko yote ni WhatsApp. Picha ikitumwa kawaida inabanwa. Ikifika na pikseli 1,600 upande mrefu, kwa kipimo cha uchapaji cha pikseli 300 kwa inchi inatosha kama sentimita 13 na nusu tu. Ukurasa mzima wa A4 unataka pikseli 2,480 kwa 3,508. Ombeni picha halisi kutoka kwenye simu iliyopiga, kwa waya au kwa flashi, au itumwe kama faili la waraka. Msiamini skrini ya simu, kila kitu humo kinapendeza.

Mkitaka picha ivuke kurasa mbili, angalieni mkunjo unapita wapi. Nimeona uso wa mkuu wa chuo ukimezwa na stepla, pua huku, sikio kule, na jarida limeshachapwa.

Picha za mgeni rasmi zitakuwepo tu, msijidanganye. Wekeni moja, ndogo, ya wakati anapoongea na mtu, siyo ile ya watu kumi wamejipanga kama timu ya mpira.

Kabla picha haijapita moja kwa moja, aliyepiga arudi chumbani na majina: nani huyu, wapi, lini, na je, alikubali kupigwa akijua ni kwa jarida? Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata isingekuwepo, yule mama wa viazi ana haki ya kujua sura yake inakwenda wapi. Aliyepigwa akiwa mtoto, ongeeni na mzazi au mlezi. Kuongeza mwanga ni sawa, kukata kingo ni sawa. Kufuta mtu aliyekuwepo au kuongeza magunia yasiyokuwepo, hapana, na aliyefanya hivyo asipewe ukurasa.

Swali lako la mwisho lilikuwa la jalada, kwamba mmefungana kati ya picha mbili na zote ni nzuri. Uliyoiita namba moja ni ya kulala, pana kuliko ilivyo ndefu, na watu wameijaza mpaka juu. Jina la jarida mtaliandika kwenye paji la uso la nani? Namba mbili ni ya kusimama, na juu ya kichwa cha yule mpakiaji pale Uyole kuna anga tupu. Wekeni hiyo. Halafu mwombeni mchapaji awatolee nakala moja ya majaribio kwenye karatasi ileile mtakayotumia, kwa sababu wino ukinyweka nyuso zinazidi kuwa nyeusi. Zikizama, ongezeni mwanga usoni kabla hamjasaini.